Kahawa ya Kijiji Sebuleni Kwangu

Kosa langu lilikuwa kufungua mdomo mkutanoni nikiwa nimeshiba. Mtu aliyeshiba husema maneno makubwa, na mchana ule nilikuwa nimekula ndizi na maharage mpaka mkanda ukaomba radhi. Wenzangu walikuwa wakibishana nani awe mwenyekiti wa kikundi chetu kipya cha wakulima wa kahawa. Kila aliyetajwa alizomewa: huyu shemeji yake yuko ushirika, yule hunywa na watu wa mizani wanaotuibia kilo. Nikaona nitupe mzaha wa kisomi. Nikasema kiongozi wa kuaminika ni yule asiyeutaka uongozi, basi mtafuteni, na mkimpata mniamshe.

Jirani yangu, mjane ambaye mibuni yake imepakana na yangu, aliuliza kama mimi nautaka. Nikaapa kwa marehemu baba kwamba siutaki hata kidogo. Watu wakapiga makofi. Nilipoelewa walichokuwa wakipigia makofi, nilikuwa mwenyekiti.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, vyama vingi vimeshaingia, na wanunuzi binafsi wameanza kuipanda milima yetu ya Kimuli kwa pikapu. Kabla yao tulikuwa na ushirika peke yake. Ushirika ulivunjwa, ukarudishwa, na uliporudi viongozi wake walikuwa wanene kuliko walipoondoka. Sisi tuliwapelekea kahawa, wao wakatuletea sentensi moja: suala lenu linashughulikiwa. Tuliigeuza kuwa utani wa kijiji kizima. Ukimwomba mkeo maji ya kunawa, anakwambia suala lako linashughulikiwa, na unajua utanawa kesho.

Wanunuzi wapya hawakuwa na sentensi. Wao walikuwa na butura. Shida ikikukuta mibuni ikiwa imetoa maua, unauza maua yale, na kahawa ikiiva ni ya mtu mwingine, wewe unabaki kumchumia. Jirani yangu alikuwa amekwisha kuuza hivyo zaidi ya msimu mmoja, na nyumba yake ilikuwa bado ya nyasi. Mwaka ule alikataa. Alisema atakula viazi mpaka avichukie, lakini kahawa ataivuna mwenyewe na bati ataliona likipanda juu ya kichwa chake.

Mpango wa kikundi ulikuwa mwepesi kuueleza. Kila mmoja alete kahawa yake kavu mahali pamoja, asiuze mtu peke yake, mpaka aje mnunuzi wa kupatana na sisi sote. Akitoka mmoja, wangejua tumelegea, wangetumaliza nyumba kwa nyumba. Ghala hatukuwa nalo, na la ushirika hakuna aliyetaka hata kulisikia. Wakasema mwenyekiti hatoki kwake, basi ghala ni kwake.

Kweli sitoki. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi kwenye migomba ya baba, na mpaka leo sijaona sababu ya kuondoka. Wakati wa vita vya Uganda, majirani walipofunga virago kwa hofu, mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu nilikuwa nautafuta mto wangu wa kulalia.

Magunia yakaingia sebuleni. Yakala nafasi ya kiti changu, yakapanda mpaka dirishani. Mke wangu akawaambia dada zake kwamba ameolewa na duka lisilo na sukari. Mimi, mtu wa kukaa, sikuweza tena kukaa. Nilitia mkono ndani ya gunia hili kusikia kama limepata joto, nikatikisa maganda ya lile karibu na sikio, maana kahawa kavu hulia na mbichi hunyamaza. Gari likiguruma bondeni, natoka. Likipita, narudi, natikisa tena. Jirani alipita kila asubuhi na kusema amekuja kulisalimia gunia lake, lile lililofungwa kipande cha kitenge chekundu. Akiliona, anakwenda shambani kwake akiimba.

Siku moja pikapu haikupita. Akashuka mnunuzi mwenye shati la pasi na mvi nyingi kuliko alizokufa nazo baba yangu, akanipa shikamoo. Mzee yule, shikamoo, kwangu. Nikaitikia marahaba bila hata kukohoa. Akaniomba twende mjini Rubwera tukazungumze habari za lori la kuja kubeba kahawa yetu. Nilikaa kiti cha mbele. Nililishwa mbuzi wa kuchoma na soda mbili, nikaitikia kwa kichwa kila alilosema, na nilipopanda gari kurudi nikagundua kwamba hakuwa amesema bei wala siku. Hilo halikuniumiza kama lilivyopaswa. Tulipofika karibu na kanisa nilimwomba dereva apunguze mwendo, eti barabara mbaya. Barabara ilikuwa nzuri. Watu walikuwa wanatoka kwenye kwaya.

Jirani alikuwa ananisubiri uani. Aliuliza kama lori linakuja. Nikajibu, "Suala hilo linashughulikiwa."

Nilingoja acheke. Kisha nikakumbuka kwamba sikuwa nimetania.

Jumapili nikaita kikundi kwangu niwatulize. Nilikuwa nimekamua rubisi nzuri ya ndizi, na walikuja wote, wakakaa chini kwenye majani ya migomba. Mimi nikakaa kwenye kiti, ambacho mke wangu alikuwa amekitoa nje kwa sababu ndani hakikuwa na pa kukaa. Angalau ndivyo nilivyojieleza. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mbele ya macho ya watu, waone haina sumu, ndipo kibuyu kizunguke. Hata mlevi hasahau. Mimi nilikinyanyua kibuyu, nikampa wa kwanza kushoto kwangu, nikaanza hotuba.

Kibuyu kikazunguka na kunirudia kizito kilekile. Hakuna aliyegusa mrija. Nilipoelewa, nilivuta mafunda makubwa mpaka mrija ukapiga kelele, nikacheka, nikawataja kwa majina ya utani mmoja mmoja. Walinitazama kama tulivyozoea kuwatazama watu wa mizani.

Jirani akainuka, akaingia sebuleni bila kupiga hodi. Nikasikia magunia yakisukumwa. Akatokea mlangoni akiliburuta lile la kitenge chekundu. Nikamwambia akilitoa hilo tumekwisha, na bati lake halitapanda, na yeye anajua. Nyuma yangu nilisikia majani ya migomba yakichakarika, watu wanasimama. Akajifunga kanga kiunoni, akaweka kata kichwani, akasema:

"Msomi, tulikuchagua kwa kuwa ulikuwa hutaki. Sasa umeanza kutaka. Nitwishe gunia langu."