Mitokondria Chakavu Safu ya Mbele

Nyinyi chekeni tu, lakini mie mpaka leo nikipita karibu na msikiti ule wa jirani na skuli yetu, hapa Madungu, naongeza mwendo, kwa aibu niliyojitengenezea kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya wazazi skulini, na mie mwalimu wa bayolojia (mwenye kujiona fundi) nikatengeneza igizo: wanafunzi wakawa mitokondria, yaani vile vitu vidogo vinavyozalisha nguvu ndani ya seli, wengine nikawabandika mgongoni karatasi ya MPYA, wengine CHAKAVU, ili wazazi waone jinsi seli changa, kabla haijakomaa ikawa msuli, inavyozizoa mitokondria zake za zamani, ikazivunjavunja, mabaki ikayatumia tena, kisha ikajaza mpya zenye nguvu zaidi, na isipofanya usafi huo msuli haukomai sawasawa.

Sasa mwanafunzi mmoja hakuja. Ningeacha pengo, nani angejua? Lakini nikaita, "Mzazi gani atanisaidia?" na akanyanyuka Mzee Hamad, mfanyabiashara wa samaki kutoka Tumbe, ambaye mtoto wake wa mwisho anasoma kwetu. Na huyo ndiye baba yake Zuhura, msichana niliyetaka kumuoa, na posa yangu ilikuwa kwake wiki ya tatu, hajajibu kitu.

Karatasi iliyobaki ilikuwa moja tu, CHAKAVU. Nikaibana kwenye mgongo wa kanzu yake kwa pini nne (nne, yakhe, isije ikaanguka nikaaibika!).

Igizo likaenda vizuri mno. Wanafunzi wakamkokota mzee mpaka kwenye kona ya kuvunjia chakavu, mwenyewe akipiga kelele, "Nivunjeni taratibu, bado nina faida!" Wazazi wakacheka hadi machozi, nami katika kupongezwa na kupeana mikono nikasahau karatasi, mara adhana hiyo, mzee akashika njia ya msikitini.

Nilipoingia msikitini hotuba imeshaanza. Mzee Hamad yuko safu ya mbele. Mgongoni: CHAKAVU. Na mnajua, hotuba ya Ijumaa ikianza hakuna kusema neno, basi hakuna wa kumwambia, watu mabega yanatikisika, mmoja kikohozi hakimwishi, na mie safu ya tatu jasho linanitiririka.

Imamu alipotoa salamu ya kumaliza sala tu, nikajipenyeza mpaka mbele, nikaivuta ile karatasi bila kuuliza. Zile pini nilizikumbuka baada ya kusikia kanzu inachanika, kuanzia begani mpaka kiunoni.

Mzee akageuka. "Mwalimu, wanivua nguo msikitini?"

"Nisamehe mzee wangu, ni mitokondria..."

Akaisoma karatasi. Akaisoma tena. Halafu akaangua kicheko, akawageukia watu: "Jamani, huyu ndiye anayemtaka mwanangu!" Msikiti mzima ukacheka, imamu akajifunika uso kwa ncha ya kilemba.

Nikamvisha koti langu, nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake.

Kesho yake akanipigia mkewe, Bi Mwanaisha. "Mzee kasema, mtu ambaye hakukimbia jana hatamkimbia mke. Walete wazee wako. Na kanzu mpya juu yako."

Harusi imepita, alhamdulillahi, na somo lile nalisomesha kila mwaka. Lakini nimeapa: mzazi akija darasani kwangu nampa kiti, nampa maji, basi. Simgusi.