Nilivyomfundisha Afande Kutamka Busan

Wajuaji ni watu wa kuchukiza, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Nanyoa vichwa hapa Kimaka, Jinja, lakini kwetu ni Busano, milimani karibu na Mbale. Juzi afande mmoja alikaa kwenye kiti changu akasema, "Bwana, mimi nimepata safari ya Busan."

Nikacheka mbele ya wateja wote. "Afande, sema Busano! Nyinyi watu wa kaskazini mnameza maneno. Mimi nimezaliwa huko."

"Ati kuna soko kubwa ya samaki?"

"Samaki gani? Kule ni kahawa na ndizi."

"Na ile nyumba za rangi juu ya mlima?"

"Rangi ya kutu, afande. Ni mabati."

"Na hekalu kando ya bahari?"

Hapo nilizima mashine ili kila mtu anisikie vizuri. "Bahari, Busano! Aliyekudanganya ni punda. Vaa gambuti, panda bodaboda."

Afande akatoa tiketi ya ndege mfukoni, akampa mteja aliyekaa jirani yake aisome kwa sauti. Yule akasoma, "Entebbe mpaka Busan, Korea."

Afande akanitazama kwenye kioo. "Sasa, bwana, hiyo bodaboda ya Korea napandia wapi?"