Mayai ya Kukunja, Siku ya Kutoa Matanga

Lydie anakaa Mangobo, hapa Kisangani, na asubuhi anauza chai na mikate mbele ya nyumba. Mimi nikipita mjini, natoka Barumbu au naenda kwingine, ananipa kitanda barazani. Ndiyo maana siku ile nilikuwepo.

Mtoto wake wa pekee, Hugues, alikwenda Japani kusoma mambo ya misitu. Akaugua huko, akafa, wakamzika huko huko. Lydie alivaa nguo nyeusi, akafunga kitambaa cheusi kichwani, na mwaka ukapita.

Kwao, upande wa Isangi, matanga hayatoki hivi hivi. Mama anapika chakula ambacho marehemu alikipenda mwisho, mjomba wa marehemu anaonja wa kwanza, halafu anamfungua mama kitambaa. Mjomba asipoonja, mama anabaki na nyeusi yake. Bon, Hugues mwishoni alipenda mayai ya kukunja ya Wajapani. Alimfundisha mama yake kwa simu, huku anacheka: "Mama, moto kidogo, usikimbie."

Lydie alivunja mayai, akatia chumvi na sukari kidogo, akakoroga. Kikaango cha Wajapani ni cha pembe nne, chake ni cha duara, akakiweka hivyo hivyo juu ya mbabula, jiko lake la makaa. Akamwaga yai jembamba, akatandaza jani la bahari lililokaushwa, jeusi, jepesi kama karatasi. Hugues alikuwa amemtumia pakiti kabla hajaugua. Akakunja kwa kijiko, akasukuma pembeni, akamwaga tena, akakunja tena. Lile la kwanza lilipasuka, akaanza upya. Lilipoiva akalifunga ndani ya majani ya liboke, yale tunayofungia samaki, ili likae vizuri. Alipolikata, ndani mlikuwa na mstari mweusi unaozunguka.

"Yaya Carlos, onja."

Carlos ni kaka yake mkubwa, mvuvi. Aliangalia sahani.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Majani ya maji. Ya bahari."

"Majani ya maji naijua, Lydie. Inashikaka mwili ya mutu wa kuzama. Nikitoaka watu kwa mto, iko kwa shingo, iko kwa mikono. Leo, siku ya matanga, unaniambia nikule?"

Chimène, mke wake, akasema polepole, "Kula tu, papa. Na kambare unakulaka, unajua ile inakulaka nini kule chini?"

Ndugu wengine waliokuja walicheka kidogo. Carlos hapana.

"Toa nyeusi, nitakula yai."

"Nikitoa, itabaki yai ya kila mutu," Lydie akasema. "Wale wa mto, yaya, unawaletaka nyumbani, mama zao wanawaona. Wangu sikumuona. Ni hii tu ilifika, na yeye aliishika."

Carlos akachukua kipande kwa vidole, akatafuna kwa muda mrefu, amefumba macho, akameza.

"Iko na chumvi," akasema.

Akasimama nyuma ya dada yake. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho la mwaka mzima. Chimène alitaka kuleta kisu, Carlos akakataa, akalifungua kwa meno. Kitambaa kikaanguka. Lydie akajishika nywele, zilikuwa zimeingia mvi, akakaa chini kwenye udongo, akalia kwa sauti ambayo mwaka wote hatukuisikia kwake.

"Mumuache," Carlos akasema.

Tukamwacha alie.