Nywele Mpya za Bwana Gramu

Sokoni walimwita Bwana Gramu, na yeye alijua fika kwamba jina hilo halikuwa la heshima. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia dukani bila taarifa, akaweka begi lake la mawe ya kupimia juu ya kaunta na kuanza kupima, huku mwenye duka akimwangalia kwa macho ya mtu anayesubiri majibu ya vipimo hospitalini. Aliwahi kukuta sumaku chini ya sahani ya mizani, jiwe la kilo lililochimbwa tumbo, na muuza sukari mmoja aliyekuwa akiegemeza kitambi kwenye sahani kila alipopima. Kazi ya namna hiyo ikikaa na mtu muda mrefu, huingia naye nyumbani. Gramu alinusa maziwa kabla ya kuyanywa na alisoma risiti mara mbili. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alisema kuwa hata ukimsabahi lazima afikirie kwanza umekusudia nini.

Habari ya nywele ilianza na video. Muuza nafaka mmoja alipanda juu ya magunia na kumrekodi kwa simu, akitarajia kumnasa akipokea bahasha. Bahasha haikuonekana, lakini video ilizunguka soko zima kwa sababu nyingine: ukikitazama kutoka juu, kichwa cha mkaguzi kiling'aa kuliko mizani aliyokuwa akiikagua. Gramu aliiona kwenye simu ya mwenzake ofisini. Kwa muda mfupi hakumtambua yule mzee aliyeinama. Alipomtambua, alirudisha simu, na baada ya miezi minne akaomba likizo aende kliniki ya kupandikiza nywele.

Kule kliniki aliwachosha. Alitaka kujua atahakikishaje kwamba nywele watakazompanda ni zake.

"Tunazitoa kisogoni kwako, baba, tunazipanda hapo mbele," nesi alimwambia. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, aliyeonekana kuwa amekwisha kuulizwa kila kitu duniani. "Hatuna ghala la nywele za watu."

Gramu aliomba kioo hata hivyo, awaone wakizipanda. Akakishika saa nzima mpaka mkono ukafa ganzi.

Alirudi nyumbani na kichwa chenye vidoa vyekundu kama kitalu cha mchicha kilichopandwa jana, chupa ya kupulizia maji ya chumvi, shampuu laini, vidonge, na karatasi ya maelekezo. Mkewe aliisoma kwa sauti yake ya imla, akitua kila penye nukta. Asiguse. Asijikune. Asiiname. Apulizie maji kila saa. Alale ameinua kichwa kwa mito, chali, wiki nzima. Asitoke juani, asifanye kazi ya kutoa jasho. Kofia, kama hapana budi, iwe pana isiyogusa ngozi. Asipake kitu chochote ambacho hakikutoka kliniki.

"Hapo mwisho ndipo penye jambo," Gramu alisema. "Wanataka tununue kwao tu."

"Hapo mwisho ndipo penye akili," mkewe alijibu, akaibandika karatasi kwenye friji.

Gramu akaichukua ile chupa, akaipima kwa mizani yake ndogo. Akaonja maji yake kwenye ncha ya ulimi. Yalikuwa na chumvi. Hilo halikumridhisha, ila lilimnyamazisha.

Siku ya tatu aliamka paji la uso limevimba, na siku ya nne uvimbe ukashuka machoni mpaka akawa anautazama ulimwengu kupitia nyufa mbili. "Wameniwekea kitu," alisema. Mkewe alimwonyesha mstari wa saba wa karatasi: uvimbe utashuka usoni siku ya tatu au ya nne, kisha utapungua wenyewe. Mtu mwingine angefarijika. Gramu alijiuliza wamejuaje.

Kila asubuhi mkewe alimkalisha kwenye stuli bafuni, akamimina maji ya uvuguvugu taratibu kwa kikombe, si kwa bomba, akaweka povu la shampuu kwa vidole vilivyolegea, bila kusugua, kisha akamimina tena. Kwa miaka thelathini ya ndoa alikuwa hajawahi kukishika kichwa cha mumewe kwa muda mrefu hivyo. Alikuwa akiimba chini chini. Gramu, macho amefumba, alisikiliza wimbo na kujiuliza kwa nini ana furaha kiasi hicho.

Nesi naye alituma ujumbe kila siku: Baba umeamkaje? Unawashwa? Tutumie picha ya kichwa tafadhali. Gramu hakujibu hata mmoja. Picha yake moja ya utosi ilikuwa imeshatembea soko zima. Ya pili hakuwa tayari kuitoa.

Kufikia siku ya kumi na mbili vigaga vilikuwa vimebanduka vyenyewe na chini yake nywele fupi zilionekana, mstari mzima, kutoka pembe hadi pembe ya paji. Alijitazama kwenye kioo cha kabati kwa muda mrefu. Hata alikaribia kumshukuru mtu.

Siku ya kumi na tisa zikaanza kung'oka.

Aliziona kwanza kwenye taulo, sita. Kesho yake zilikuwa kwenye mto, nyingi zaidi. Alizikusanya kwa kibano, akazitia kwenye bahasha na kuandika tarehe, kama alivyofanya na kila kielelezo alichowahi kupeleka mahakamani.

"Imeandikwa kwamba zitaanguka," mkewe alimwambia. "Wiki ya tatu mpaka mwezi wa pili. Halafu zinaota upya."

"Mwizi pia angeandika hivyo. Anakuibia, anakuachia barua kwamba usishangae."

Mchana huo alivaa kofia pana akaenda kwa kinyozi wake. Walijuana tangu Gramu ana nywele za kunyoa. Hata zilipokwisha, aliendelea kwenda kila Jumamosi kukaa kwenye kiti kile, kupunguzwa ndevu na kusikiliza habari za mji. Kama kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumpima, ndiye huyo.

Kinyozi alimvua kofia.

"Ulikwenda lini?" akauliza.

"Wiki tatu sasa."

"Na hukuniambia." Akainamisha kichwa cha rafiki yake kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku. "Ndugu yangu, hizi zimekosa chakula. Ngozi imelala. Inatakiwa iamshwe."

Akafungua droo, akatoa kichupa cha mafuta ya rangi ya kahawia na brashi ngumu. Ayapashe moto, akasema, apake, asugue mpaka ngozi iwake, asubuhi na jioni.

Gramu, aliyewahi kufunga duka zima kwa sababu ya katoni moja ya sabuni zisizoandikwa uzito, alitia mfukoni kichupa kisicho na lebo wala jina, akashukuru.

Asubuhi iliyofuata mkewe alikikuta juu ya sinki. "Hiki ni nini?"

"Mafuta."

"Ya nini? Kimeandikwa wapi?"

"Aliyenipa namjua."

Mkewe alimkata jicho, akatoka bafuni, na asubuhi ile hakuimba.

Siku ya kwanza ngozi iliwaka, na Gramu akaona dawa inafanya kazi. Siku ya pili vipele vikatokea. Siku ya tatu, upande wa kushoto juu ya paji, vipele vilikuwa na usaha, kichwa kilimgonga na mwili ulikuwa na homa. Alijilaza kwenye kochi mchana kutwa. Alipozinduka alimwona mkewe amesimama nyuma ya kochi na simu mkononi, akimpiga picha.

"Unafanya nini?"

Gramu alinyoosha mkono, naye akampa simu bila ubishi. Mazungumzo yalikuwa marefu. Kulikuwa na picha ya kichwa chake ya kila siku tangu ya kwanza: akila, akisoma gazeti, akisinzia. Chini ya kila picha nesi aliandika jambo. Inaendelea vizuri, mama. Mwambie asilalie upande. Uvimbe huo ni wa kawaida. Na la mwisho, la dakika chache zilizopita: Hiyo siyo ya kawaida. Mlete sasa hivi. Amepaka nini?

"Kumbe mlikuwa wawili," Gramu alisema.

"Tulikuwa wawili, ndiyo. Mtu anauliza kila siku kama umeamka salama, wewe unamnyamazia. Nikaona aibu. Nikawa namjibu mimi." Alikuwa akitafuta viatu vyake. "Ukimaliza kunikagua, vaa shati twende."

Gramu alivaa shati.

Nesi hakumkemea. Alimsafisha ile sehemu, daktari akaja, akatazama, akaandika dawa nyingine. Walipobaki watatu Gramu alitoa bahasha yake na kuimwaga juu ya karatasi nyeupe. Nesi alizitazama nywele zile, kisha akamletea lenzi.

"Ziangalie mwenyewe, baba. Hizi ni nyuzi tu. Tulichopanda ni kile kishina kinachokaa ndani ya ngozi, na hapa hakipo hata kimoja, maana yake vimebaki kichwani. Hivyo ndivyo vitakavyoota. Isipokuwa hapa kushoto." Akagusa hewa juu ya kidonda, bila kukifikia. "Hapa siwezi kukuahidi kitu."

Gramu aliangalia kwa lenzi uzi mmoja mmoja. Ilichukua robo saa. Wanawake wale wawili waliongea mambo ya shule.

Alipopona alikwenda kwa kinyozi, kofia mkononi. Njia nzima alikuwa amelipanga shitaka: wivu, hila, pengine mtu kamtuma. Kinyozi alimwona kaingia bila kofia, akaona kovu la kile kidonda, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Yale mafuta ni ya nini?" Gramu aliuliza.

"Ya ndevu. Nawapaka wenye ndevu kavu."

"Sasa kichwani kwangu yalitafuta nini?"

Kinyozi alikwangua doa kwenye mkono wa kiti. "Ulinijia na kitu nisichokijua. Miaka yote hii unaniuliza, nakujibu. Sikutaka kusema sijui." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na niliumia. Kichwa chako, halafu umekwenda kwa watu wengine."

Gramu alisimama nyuma ya kiti akamtazama, kisogo mbele yake na uso kwenye kioo. Alitafuta uongo, kama alivyouzoea: jasho juu ya mdomo, macho kukimbia. Hakuupata. Alichosema ni kwamba atafikiria, na kwa wiki sita hakukanyaga pale. Wiki ya saba alikwenda, akakaa, akapunguzwa ndevu macho wazi mwanzo hadi mwisho.

Miezi mitatu hakuna kilichoota, na mashaka yakamrudia yote. Alimshuku nesi, akamshuku daktari, akaishuku lenzi. Lakini alipuliza alichoambiwa apulize, alimwachia mkewe kichwa, na ujumbe wa kliniki alianza kuujibu mwenyewe, kwa sentensi fupi za kiofisi. Mwezi wa nne zikachomoza, laini kama za mtoto. Mwezi wa tisa alikuwa na nywele za kuchana, zenye mvi chache, na upande wa kushoto pengo la ukubwa wa kizibo cha soda ambalo halikuota kitu.

Mwezi huo huo alitumwa kukagua ghala jipya la mbolea nje ya mji. Mlinzi wa getini alipokea kitambulisho chake, akakitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena.

"Huyu siyo wewe."

"Ni mimi. Nimeota nywele."

"Kwa umri huo?" Mlinzi hakutabasamu. Alipiga simu ofisini kwa Gramu, akasikiliza, akashusha simu. "Wanasema mkaguzi wao ana upara."

"Umempata nani?"

"Sijui. Kasema ana upara."

Gramu alikunja uso. Alimuuliza mlinzi jina lake, na mlinzi alipomtajia, akaliandika kwenye daftari na pembeni akaandika: makini. Akasogea kwenye kivuli cha ukuta, akakaa juu ya tofali, akampigia mkewe amtumie picha yoyote inayoonyesha kwamba yule na huyu ni mtu mmoja.

"Ninazo mia mbili," mkewe alisema. "Unataka ya siku gani?" Kisha akaanza kucheka, na alicheka mpaka simu ikakatika.