Jino Lililotoka Shimo la Choo

Tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba ya shangazi, mtaa wa Mabawa, nilipokibandua kwenye mwamba wa chokaa: kitu cheusi, kinang'aa, cha pembetatu, ncha kali. Mimi nilidhani ni kigae. Shangazi hakudhani, alijua. "Hiki kimefukiwa kuturoga," alisema. Na kwa kuwa mpangaji wake wa chumba cha uani alitoka Pemba, ushahidi ukawa umekamilika. Sitaki kumwonea shangazi. Kwetu kitu kigeni kikitoka ardhini hatuulizi ni nini, tunauliza ni cha nani. Pengine hata mimi niliuliza hivyo, kimoyomoyo.

Kabla ya adhuhuri shangazi alikwisha kukitangaza bombani. Mpangaji akaanza kufunga mizigo.

"Shimo linammeza mtu mzima," aliniambia. "Mie nimefukia lini huko, na mgongo huu?"

Jioni akaja likizo binti wa shangazi, anayesomea mawe chuoni. Akakigeuzageuza kile kitu, akacheka. "Mama, hili jino la papa. Limegeuka jiwe." Akapekua kifusi, akatoa mengine, bapa. Hayo ya samaki taa, akasema, ya kusagia kome. Humohumo mlikuwa na maganda ya chaza na vipande vya matumbawe. Vikikutwa pamoja hivyo, kama nilimwelewa, ujue hapa palikuwa bahari, tena ya maji mafupi, jua linafika mchangani; na hapakuwa bado na mtu wa kumroga mwenziwe.

"Na huyo papa naye katoka Pemba?" mpangaji akauliza kutoka mlangoni kwake.

Shangazi akakohoa. "Yamekwisha, mwenzangu. Usihame."

"Yamekwisha humu uani, bi mkubwa. Bombani je?"

Asubuhi shangazi akaenda bombani bila ndoo, jino kiganjani. Akawasomesha wenziwe papa, taa na bahari fupi, vizuri kuliko ninavyoandika hapa. Walisikiliza. Kisha mmoja akasema, "Kwa hiyo yule bibi hana kosa?"

Shangazi akalifumba jino kiganjani.

"Hana. Nilimsingizia."

Kwa haki niseme, alisikika mpaka kwa wa mwisho kwenye foleni.

Mpangaji akafungua mizigo, akabaki. Ila mbuzi ya kukunia nazi aliyokuwa akiiazima kwa shangazi kila siku aliirudisha mchana uleule, imeoshwa, akaenda sokoni kununua yake.