Dawa ya Mgongo

Juzi katika dispensari ya Malaba nilipanga foleni na mtoto mgongoni. Mbele yangu kijana mmoja alikuwa akikamua kofia yake kama nguo iliyofuliwa. Akamnong'oneza dresa aliyekuwa akitoa dawa, "Mzee, ni mgongo."

Wanawake tukatazama chini. Huku kwetu mume akitaja mgongo, maana yake kitandani hana nguvu. Lakini dresa ni mgeni kutoka pwani.

"Ulibeba magunia?" akauliza kwa sauti.

"Hapana, mzee. Ulianza tu baada ya Uhuru."

Foleni ikacheka. Akapewa dawa ya kuchua. "Mkeo akupake kila jioni."

Nami nilicheka, watu wasijue kwamba mke mwenyewe ndiye mimi.

Jioni nilimpaka. Akauliza bila kugeuka, "Mama mtoto, wewe ulicheka nini?"