Ubatizo wa Kukhu

Kanisa letu la Kabuchai lilikuwa na waumini wa ndani na muumini mmoja wa nje. Huyo wa nje alikuwa Kukhu, bibi yangu, mama mzazi wa mama. Kila Jumapili alifika mapema kuliko wote, akatandika ngozi yake ya mbuzi chini ya ukuta, akakaa hapo mpaka ibada imalizike. Mvua ikinyesha alijifunika jani la mgomba. Hakukosa hata Jumapili moja, na hakuingia hata moja.

Sababu ilikuwa baba yangu. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wa kanisa, yule anayesoma neno na kuhubiri mchungaji asipokuwepo, na kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwewe hawakai chini ya paa moja. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Wageni hudhani ni chuki. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na watu walioheshimiana kuwashinda hao wawili sijawaona mpaka leo. Baba akimwona Kukhu kwa mbali njiani aliingia katika mahindi ya watu akajificha mpaka apite, mwanamume mzima mwenye koti na Biblia kwapani. Sisi watoto tulicheka mpaka mama akatushikia fimbo.

Kilichoniuma, na kinaniuma bado, ni kwamba Kukhu alikuwa wa kanisa hilo kabla ya baba. Alikuwa mmoja wa wanawake walioteka maji na kukanyaga udongo wa kuta zake, wakati baba na mama wako Kitale, baba akiongoza maksai wa kulima katika shamba la mzungu. Mimi nilizaliwa huko, katika kambi ya wafanyakazi. Huko ndiko baba alikojifunza kusoma na alikobatizwa. Misheni ilipoona anasoma bila kukwama ikamtuma akawe mwalimu, na katika makanisa yote yaliyokuwapo ikamchagulia lile la ukweni kwake. Hakuna aliyemuuliza mtu yeyote kitu. Jumapili ya kwanza Kukhu alikuwa ameketi katika benchi la wanawake. Alipoona ni nani anayesimama mbele, akajifunika uso kwa kanga, akatoka. Nafasi yake benchini ikabaki wazi kwa muda, kisha watu wakasogea.

Najua wazee wenzangu watauliza: si kulikuwa na njia za kuilegeza haya hiyo ya ukwe? Zilikuwapo. Mbuzi, pombe ya busaa, wazee wa pande zote mbili, na maneno ya kusemwa. Lakini kanisa lilikataza busaa, na mbuzi wa mila lilimwita mbuzi wa shetani, na mwalimu wa kanisa ndiye wa kwanza kutakiwa kukaa mbali na mambo hayo. Kwa hiyo walimfungia Kukhu mlango, kisha wakamlaumu kwa kutoingia. Nikilifikiria jambo hili hata leo damu inanichemka, na mimi ni mwanamke wa kanisa, msinielewe vibaya.

Wanawake wenzake hawakumtupa. Kila Desemba walipopaka kuta samadi na udongo mpya kwa ajili ya Krismasi, waliacha pengo dogo mahali pa Kukhu bila kulipaka, apate kusikia vizuri. Kikapu cha sadaka kilipitishwa dirishani, naye akaweka yai lake. Wakati wa kuimba sauti yake nyembamba ilikuja kutoka nje ikiwa imechelewa kidogo, nasi watoto tukabanwa na kicheko.

Nilipoacha kucheka nilianza kumhurumia. Siku moja nilimuuliza kama hajisikii vibaya kukaa nje na mbwa wa watu. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili chetu cha huko, ingawa yeye alisema kwa lugha ya kwetu.

"Sasa wewe," akaniambia, "Bwana Yesu si alizaliwa kwa ng'ombe? Nje anaijua yeye. Mimi hapa niko sawa."

Alikuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa ubatizo. Huo hakuwa ameupata kabla baba hajaja, na aliutaka kwa njia ambayo sijamwona mtu mwingine akitaka kitu. Alizaa watoto wengi, akazika zaidi ya nusu yao, na aliamini kwamba maji hayo yakimgusa kichwani Mungu atamwita kwa jina, yeye, mwanamke wa kupalilia mashamba ya wengine. Lakini anayebatizwa alitakiwa kusimama mbele ndani ya kanisa, mwalimu pembeni yake akiwa shahidi. Mchungaji alikaa Kitale. Alikuja mara chache kwa mwaka, kwa lori la mahindi mpaka barabara kuu, halafu kwa baiskeli. Kila alipokuja Kukhu alinituma nimwombe atoke nje.

Safari moja alitoka. Alikuwa mtu mrefu, koti jeusi, sauti nzuri.

"Mama, ingia ndani," akasema. "Kwa Kristo hakuna maneno ya mkwe."

"Mchungaji, si unibatize tu hapa? Ati maji haiwezi kufika nje?"

"Kanisa ni ndani, mama."

"Na nikiingia, hawa watoto ya msichana wangu wapate ugonjwa? Wewe utakuwa umesharudi Kitale."

Hicho ndicho alichoogopa. Watu waliamini kwamba haya ya ukwe ikivunjwa wanaolipa ni watoto, na watoto wenyewe ni sisi. Mchungaji alitikisa kichwa, akasema Kukhu anapenda mila kuliko Mungu, akarudi ndani. Kukhu aliokota ngozi yake, akaikung'uta, akaenda nyumbani kabla ya wimbo wa mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimfuata. Njia nzima alilia bila kujificha, mwanamke mzee, nami sikujua nimshike wapi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa mbaya. Kukhu hakuacha mahali pake, na jani la mgomba si paa. Akapata kichomi. Mama, aliyekuwa mjamzito na amekwisha kuwa mzito, alihamia kwake kumuuguza, akanichukua mimi nimsaidie kuwasha moto na kuteka maji. Kukhu alikuwa akipumua kwa shida na kila neno lilimgharimu. Neno aliloligharimia zaidi lilikuwa ubatizo.

Kijana mmoja wa kanisa alipanda baiskeli kwenda Kitale kumwita mchungaji. Alirudi na matope mpaka kiunoni. Mchungaji alikuwa amepanda mlimani, upande wa Kapsokwony, na njia zote zilikuwa utelezi. Kanisa letu liliruhusu mtu anayekata roho abatizwe na mwalimu, mchungaji akiwa mbali. Mwalimu tu. Si mzee wa kanisa, si mtu mwingine. Mwalimu atamke maneno na mkono wake umwage maji juu ya kichwa.

Baba akaja. Alisimama uani kwenye manyunyu, Biblia imefungwa ndani ya koti. Majirani walikuwa wamejaa chini ya ukingo wa paa wakimtazama. Mwishowe akavua viatu, akasema kwa sauti ya chini, "Nitaingia." Akapiga hatua mpaka kizingitini.

Kukhu alimsikia. Akavuta blanketi akajifunika uso kwa nguvu ambazo hatukujua anazo. "Asiingie," akasema. "Watoto."

Baba akasimama hapo hapo. Mguu mmoja ulikuwa juu ya kizingiti, mwingine matopeni. Ndipo mama akainuka kutoka kitandani kwa Kukhu, akajikokota na tumbo lake mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mumewe. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Nyumbani baba ndiye aliyesema.

"Wewe utasema," akamwambia. "Mimi nitamwaga."

"Sheria haikubali, mama watoto."

"Sheria iko Kitale. Mama yangu iko hapa."

Baba akazunguka nyumba, akaenda kusimama nyuma ya ukuta upande ule kilipokuwa kitanda. Tulimsikia akikohoa. Mama akachota maji mtungini kwa kibuyu. Mimi nilimshika Kukhu mgongo ili akae wima, na alikuwa mwepesi, mifupa tu na joto. Baba akaanza kutamka maneno ya ubatizo kwa sauti yake ya kuhubiri. Kwa sababu ya mvua juu ya nyasi za paa ilimbidi apaze sauti, akawa kama anapiga kelele. Alipofika kwenye jina alitamka jina la mwanamke mmoja wa Biblia ambalo sitaliandika hapa. Mama akainamisha kibuyu, maji mengi yakamwagika mapajani mwangu, mengine yakashuka usoni kwa Kukhu yakaingia katika mikunjo yake.

"Amesema jina gani?" Kukhu akauliza.

Mama akamwambia. Kukhu akalirudia, taratibu, akilijaribu mdomoni. Alilirudia jioni ile mara nyingi, akanifanya nami nimwite kwa jina hilo, nami nikamwita, naye akaitika. Alikufa asubuhi. Tulimzika chini ya migomba yake na watu wa kanisa wakaimba wakimtaja kwa jina lake jipya. Baba alisimama mbali, karibu na boma la ng'ombe, akiimba pamoja na watu akiwa amegeuka upande mwingine. Nililia sana, lakini kulikuwa na utamu ndani ya kilio kile. Nilijiambia kwamba Mungu hakumsahau.

Mvua zilipokwisha mchungaji akaja. Aliitwa pembeni na wazee wa kanisa akaelezwa yote. Jumapili hiyo akatangaza mbele ya watu kwamba kilichofanyika hakikuwa ubatizo. Mdomo wa mmoja, mkono wa mwingine, tena mkono wa mwanamke asiyewekewa mikono na mtu yeyote. Marehemu alikufa kama alivyozaliwa, akasema, na tumwachie Mungu. Halafu akamtaka mwalimu akiri kosa lake.

Baba akasimama. Najua alichokuwa anaogopa. Angefukuzwa, tungerudi kambini Kitale, kwenye maksai na kelele za nyapara, na sisi watoto shule ingekwisha. Haya yote nayajua. Lakini aliposema, "Ndugu zangu, nilikosea, haikuwa ubatizo," nilimkasirikia, na nimebaki na hasira hiyo ingawa alikwisha kufa nami nilimlilia kama baba yangu mpendwa. Mama alikuwa ameketi katika benchi la wanawake. Mkono wake wa kulia aliuweka chini ya ule wa kushoto.

Nyumbani aliandaa chakula kama kawaida. Baba hakula. Akageuza-geuza tonge la ugali, kisha akauliza, "Ningefanya nini?"

"Ungenyamaza," mama akasema.

Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo, angalau si mbele yetu. Mama aliendelea kwenda kanisani. Aliimba, alitoa sadaka, alipaka kuta kila Desemba. Ila nilimwona akishindwa kuomba. Watu wakiinamisha vichwa yeye aliangalia mbele, macho makavu, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Mara moja tu aliniambia, tukiwa shambani tunapalilia, "Kama Mungu hakuona mkono wangu siku ile, basi sijui huwa anaona nini."

Mtoto alizaliwa, msichana, mwenye afya. Kwetu mtoto hurithi jina la aliyetangulia, na wanawake wa ukoo walitaja majina ya zamani ya Kukhu, yale aliyopewa na wazee wake. Mama aliwasikiliza wote. Jina la nyumbani aliwakubalia. La kanisani alisema atalitaja mwenyewe siku yake ikifika.

Mchungaji alikuja kubatiza watoto katika msimu wa mavuno. Kanisa lilijaa, mahindi mapya yamerundikwa pembeni. Akawabatiza wawili, watatu, akafika kwa mama. Akamchukua mtoto mikononi mwake. Baba alikuwa pembeni, shahidi, na bakuli la maji mkononi.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mama akalitaja jina, lile la siku ya mvua, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho. Maji ya bakuli la baba yakamwagikia viatu vyake. Mimi nilimtazama mchungaji nikingoja akasirike, aulize ni ukaidi gani huu.

Hakushtuka. Jina alilolikataa alikuwa ameshalisahau. Akachovya vidole, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha mtoto, akalitamka kwa ile sauti yake nzuri, polepole, mbele ya Mungu na watu wote.

"Mama," mama yangu akasema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote aliyekuwa mle ndani. "Mama, amekuita." Kisha akalia kwa sauti kubwa, kilio alichokuwa amekizuia tangu tulipotoka kaburini. Baba akaweka bakuli chini akamshika. Mchungaji alidhani ni furaha ya mzazi. Akatabasamu, akamrudishia mtoto wake, akamwita anayefuata.